Miguu ya Orea Bronze chini ya pleya ya santuri

Kama utabadilisha miguu ya kifaa kimoja tu kati ya vyombo vyako vya muziki, anza na pleya ya santuri. Sindano haitofautishi mtikisiko uliochongwa kwenye mfereji wa santuri na ule unaopanda kutoka kwenye kabati. Yote huigeuza umeme, na amplifaya huukuza umeme huo ulivyo. Pleya yangu ilitoka kiwandani na vikombe vya plastiki ngumu vyenye kipande chembamba cha mpira chini. Juu ya sakafu ya mbao, na spika karibu, miguu ya namna hiyo haizuii kitu.

Kuna jaribio ninalolipenda. Zima mota, teremsha sindano juu ya santuri iliyosimama, ongeza sauti taratibu, kisha gonga kabati kwa kidole. Kwa miguu ya zamani mlio huo wa kugonga ulitoka kwenye spika mzito na mkali. Kwa Orea Bronze, miguu mipya niliyoweka, unasikika kwa mbali sana, na ule mvumo wa besi uliokuwa ukijilisha wenyewe nikipandisha sauti umeniondokea. Ngoma sasa zinapiga na kukata, wala hazikokoti mkia. Nimefurahi kweli.

Orea hutengenezwa na IsoAcoustics ya Kanada: kikombe cha chuma cha pua chenye mpira juu na chini. Uzito ndio wa kuangalia kabla ya yote. Mguu mmoja wa aina ya Graphite hubeba hadi kilo 1.8, wa Bronze 3.6, wa Indigo 7.2, wa Bordeaux 14.5. Pleya yangu ina kilo 9, kwa hiyo Bronze tatu zinatosha: mbili upande mzito wenye mota, moja upande wa pili. Matatu hayayumbi, ndiyo maana mafiga ni matatu. Usikimbilie mguu mkubwa ukidhani ndio bora. Mpira usiopata uzito wa kutosha haubonyei, na usipobonyea hupitisha mtikisiko kama plastiki tu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mpira wa mguu ni kama springi: ikibonyea milimita 1 chini ya mzigo, mzigo huo hucheza wenyewe kwa hezi 16 hivi, yaani mitikisiko 16 kwa sekunde. Ikibonyea milimita 4, hushuka hadi hezi 8. Kinga huanza juu ya hapo, kwenye mara 1.4 ya namba hiyo. Hatua za mtu anayetembea ziko chini kabisa, hezi chache tu, kwa hiyo Orea haiwezi kuzizuia, na mguu mwingine wa mpira wa kimo hicho hauwezi pia. Kama sindano yako inaruka watoto wakikimbia, dawa ni rafu iliyofungwa kwenye ukuta imara. Tena miguu laini kupita kiasi ina hatari yake: mkono wa sindano nao una mtikisiko wake wa asili, kwa kawaida kati ya hezi 8 na 12, na ukikutana na wa miguu, besi huchafuka.

Miguu hii niliihamishia pia chini ya amplifaya yangu ya transista. Sikusikia tofauti yoyote, na sioni sababu ya kuwepo. Amplifaya za valvu, zile zenye taa za kioo badala ya transista, ni habari nyingine, kwa sababu sehemu za ndani ya valvu zikitikisika husikika. Kwa ya transista, mguu kazi yake ni kuacha hewa ipite chini. Ukiamua kubadilisha mguu uliofungwa kwa skrubu, chomoa umeme kwanza na pima urefu wa skrubu ya zamani. Ndefu zaidi inaweza kugusa saketi ndani.

Orea haina skrubu ya kurekebisha kimo. Kabati lazima liwe sawa kwa pimamaji kabla hujaweka pleya, na likiinama, weka kipande chembamba chini ya kabati lenyewe.