resolvectl: amri inayokuonyesha nani kaulizwa jina

Anayehudumia ofisi yenye VPN, njia ya siri ya kuingia mtandao wa ofisi ukiwa mbali, anaujua ugonjwa huu. Alama ya VPN iko kijani, barua pepe zinaingia, tovuti za nje zinafunguka, ila seva ya ndani ukiiita kwa jina haipatikani. Ukiandika anwani yake, tuseme 10.20.0.15, inafunguka papo hapo. Hapo VPN usiigombeze, njia ipo. Kilichobaki kujua ni jina lile limeulizwa kwa seva ipi ya DNS (inayogeuza majina kuwa anwani), na kwenye Linux sijapata amri inayojibu swali hilo vizuri kuliko resolvectl. Naitumia kila mara kwenye kompyuta ninazozihudumia, nyingi za Ubuntu na chache za Fedora. Naipa nyota nne kati ya tano.

Ni ya bure, na kwa kawaida huhitaji hata kuisakinisha. Inakuja na systemd-resolved, huduma ya kutafuta anwani za majina ambayo Ubuntu inaitumia miaka mingi sasa na Fedora ikaifanya ya kawaida kwenye toleo la 33, mwaka 2020. Maelekezo ya zamani yanaiita systemd-resolve --status. Jina la sasa lilikuja 2018.

Sababu ya kwanza ya kuipenda: inawaokoa watu na faili la /etc/resolv.conf. Mtu analifungua, anakuta 127.0.0.53, anadhani mchawi kampata. Anaifuta, anaandika 8.8.8.8. Tovuti za nje zinaendelea kufunguka, na majina ya ofisini yanakufa kabisa, kwa sababu seva ya umma haijawahi kuyasikia. Anwani ile ni ya kompyuta yenyewe tu. Ndiko maswali yanakopokelewa, kisha yanagawiwa kwa seva halisi, na kila kiungo cha mtandao, kama Wi-Fi au VPN, kina seva zake. Mgawo huo hauonekani kwenye faili. Unaonekana ukiandika resolvectl status.

Nitoe mfano. Dada wa uhasibu aliyekuwa akifanyia kazi nyumbani aliniandikia: “Kaka, VPN imeshika lakini hesabu haifunguki. Jana ilikuwa inafunguka.” Nikamwomba anitumie picha ya majibu ya resolvectl status. Kiungo cha Wi-Fi kilikuwa na seva 192.168.1.1, yaani ruta ya nyumbani. Kiungo cha tun0, ambacho ndicho VPN, kilikuwa na 10.20.0.2, seva ya ofisi, sawasawa. Lakini kwenye tun0 hapakuwa na mstari wa DNS Domain, na pembeni palisomeka -DefaultRoute. Alama ile ya kutoa ndiyo habari yote. VPN ilikuwa imewekwa ibebe mambo ya ofisi tu, kwa hiyo maswali yasiyo na mwenyewe hayapelekwi huko, na hakuna aliyeiambia kompyuta ni kikoa gani, yaani mwisho gani wa majina, ambacho mwenyewe wake ni tun0. Seva sahihi ilikuwepo, inajulikana, na hakuna anayeiuliza. Ruta ya nyumbani ndiyo iliyoulizwa, ikajibu jina halipo, na kwa upande wake ilisema kweli.

Dawa ilikuwa mstari mmoja: sudo resolvectl domain tun0 '~ofisi.internal'. Kisha resolvectl query hesabu.ofisi.internal, ikarudi 10.20.0.15, na mbele yake imeandikwa link: tun0. Hayo maneno mawili ndiyo yanayonifanya niipende amri hii. dig, amri nyingine ya kuuliza DNS, nayo ingenipa anwani ileile, lakini isingeniambia imepitia kiungo kipi.

Kuweni makini na kile kiwimbi cha mwanzo, ~. Kikiwepo, kikoa kinatumika kuelekeza maswali tu. Ukikiondoa, kikoa kinatumika pia kukamilisha majina mafupi. Yule dada, kama watumiaji wengi, alizoea kuandika “hesabu” peke yake. Jina la neno moja systemd-resolved hailiulizi kwenye DNS mpaka lipate kikoa cha kulikamilisha, kwa hiyo kwake nilikitoa kiwimbi. Na ukiweka ~. yenyewe, yaani kiwimbi na nukta, maswali yote ya kompyuta yanakwenda ofisini, hata ya tovuti anazozitazama mtu usiku na wanawe. Sipendi hilo, na mstari wa DNS = kwenye faili la wg-quick, kiwashio cha VPN ya aina ya WireGuard, unaleta hali hiyohiyo. Kwa WireGuard mimi natumia PostUp, mstari wa amri zinazoendeshwa VPN ikiwaka, na kuandika amri zangu mwenyewe, resolvectl dns %i na resolvectl domain %i (%i ni jina la kiungo).

Ofisi zilizochagua majina yanayoishia na .local zina adha ya ziada. Kiambishi hicho tangu 2013 ni cha mDNS, cha kuitana ndani ya mtandao mmoja, na systemd-resolved haikipeleki kwa seva ya DNS mpaka ukitaje waziwazi kwenye kiungo. ICANN, shirika linalosimamia majina ya intaneti, ilitenga .internal kwa matumizi ya ndani mwaka 2024. Anayeanza leo aanze nacho.

Sasa nyota iliyopotea. Ulichokiweka kwa resolvectl kinafutika VPN ikikatika na kuunganishwa upya, na yenyewe haikuonyi. Mtu anakushukuru asubuhi, mchana anapiga tena. Ili kidumu inabidi uende kwingine, kwa mfano nmcli connection modify ofisi ipv4.dns-search '~ofisi.internal' kama VPN inasimamiwa na NetworkManager, programu ya Linux ya kupanga mitandao. Pia systemd-resolved inakumbuka majibu ya “hakuna”, hivyo baada ya kurekebisha seva unaweza kuendelea kuambiwa jina halipo hadi uandike resolvectl flush-caches.

Haikioni pia kivinjari kinachojiulizia chenyewe. Firefox ikiwekwa kwenye ulinzi wa juu kabisa wa DNS kupitia HTTPS, inaipita seva ya ofisi na haigeuki nyuma. Terminali inasema jina lipo, kivinjari kinasema halipo. Matoleo mapya ya systemd yana resolvectl monitor, inayoonyesha maswali yakipita. Fungua ukurasa, na jina lisipotokea pale, kamata kivinjari.

Na kama dig @10.20.0.2 nayo inanyamaza tu, achana na majina. Tafuta njia au ukuta wa moto kwenye mlango wa 53, ambao DNS inautumia.

Jambo la mwisho kulitazama ni mstari wa resolv.conf mode, juu kabisa ya status. Ukisoma foreign, ujue kuna programu nyingine imeliandika upya lile faili na programu nyingi huenda hazipitii tena systemd-resolved. Kuna VPN moja ya kulipia, jina lake naliacha, ambayo kila ikiunganishwa inafanya hivyo na ikikatwa hairudishi kitu. Mwenye hiyo, resolvectl haitamsaidia hadi airudishe faili kuwa njia ya mkato (symlink) ya kuelekea /run/systemd/resolve/stub-resolv.conf, na atairudisha tena kesho.