Chujio la mwani: risasi linanasa, lakini kibandiko chake kinadanganya

Nyumba tunayokaa ina mabomba ya zamani ya risasi, ile metali yenye sumu, na mwanangu wa miezi minane anakorogewa maziwa ya unga kwa maji hayohayo. Mabomba mapya bado tunayasubiri. Ndipo nikanunua chujio hili: mrija mfupi uliojaa mwani wa kahawia, umekaushwa na kusagwa chengachenga.

Maji ya kwanza yalitoka ya manjano, yakinuka pwani. Maelekezo yanasema umwage lita tano. Mimi nilimwaga kama ishirini ndipo yakatakata.

Baada ya wiki mbili nilipeleka chupa mbili maabara, moja ya maji ambayo hayajachujwa, nyingine ya yaliyochujwa. Ya kwanza ilipita mikrogramu 10 za risasi kwa lita, kiwango cha mwongozo cha Shirika la Afya Duniani. Ya pili ilikuwa chini ya hapo, tena mbali. Machozi yalinilenga. Miezi yote hiyo nilikuwa nachemsha tu, kumbe kuchemsha hakuondoi risasi: maji yanapungua kwa mvuke, yenyewe inabaki.

Mwani huu umekufa na bado unafanya kazi. Kuta za seli zake zina alginati, kitu cha mwani kinachofanana na ute, iliyoshikilia kalsiamu. Risasi ikipita, kalsiamu inabanduka, risasi inanasa mahali pake. Asidi inaweza kuibandua tena, na watafiti huitumia kuuosha mwani ili urudie kazi. Nyumbani usithubutu, maana risasi yote itakuwa ndani ya hiyo asidi.

Linaloniuma ni kibandiko: “Huondoa metali zote nzito.” Si kweli. Aseniki ndani ya maji mara nyingi huwa na chaji hasi, au haina chaji, na sehemu za mwani zinazonasa nazo ni hasi, huvuta chenye chaji chanya kama risasi. Inapita. Mwenye kisima chenye aseniki akiamini maneno hayo, anawanywesha wanawe sumu huku moyo wake umetulia. Kibandiko kibadilishwe, leo si kesho. Vijidudu navyo chujio haliui, kwa hiyo nachuja kwanza kisha nachemsha.

Risasi iliyonaswa haikupotea, imehamia kwenye mwani, na karatasi ya maelekezo haisemi mrija uliochoka utupwe wapi. Wangu wa kwanza nimeufunga kwenye kopo lenye mfuniko, juu asikofika mtoto, hadi nipate wanaopokea taka za sumu. Usiumwage bustanini.