Sailensa yangu ilivyokaa rumande: uzoefu wangu wa kuomba kibali Texas

Nimenunua sailensa mbili za bunduki, yaani vizibo vya mtutu vinavyopunguza mlio, hapa Texas. Ya kwanza niliiombea kibali kwa karatasi mwaka 2021, ya pili kwa mtandao mwaka 2024. Kama ni nyota, safari ya kwanza naipa mbili na ya pili nne na nusu. Sheria ilikuwa ileile, ushuru wa dola 200 uleule, na mwombaji ni mimi yuleyule. Kilichobadilika ni njia aliyopitia karani kulifikia jalada langu. Naandika kwa sababu Waswahili wenzangu wa huku wakisikia habari hii huuliza maswali mawili tu: inaruhusiwa kweli? Na ulisubiri muda gani?

Inaruhusiwa katika majimbo 42. Ukiwa California, New York, New Jersey, Massachusetts au Illinois, usijisumbue hata kuuliza bei. Kaka yangu aliyeko Tanga alipoona picha alinipigia simu palepale: "Mdogo wangu, umekuwa jasusi?" Yeye anaijua ya kwenye sinema, ambako bunduki hutoa sauti kama ya mtu anayetema mbegu ya tende. Hakuna kitu kama hicho. Bunduki ya kuwindia hupiga kelele zaidi ya desibeli 160, na sailensa huzipunguza kwa takriban 25 hadi 30. Bado jirani anasikia, na risasi inayokwenda kasi kuliko sauti hupasua hewa vilevile. Ila kelele zinashuka chini ya 140, kiwango ambacho mlio mmoja tu unaweza kukudhuru sikio.

Mimi naitumia kwa nguruwe pori. Texas wamejaa, wanachimbua mashamba usiku kama wale walioturudisha nyuma na mihogo yetu Muheza, na mwenye shamba ninayemsaidia anataka wapungue. Siwali, mimi ni Mwislamu, lakini kulinda shamba la mtu hakuna ubaya. Hapa huhitaji hata leseni ya uwindaji kwa nguruwe hao, ukiwa na ruhusa ya mwenye ardhi. Sailensa ndiyo yenye urasimu.

Sheria yenyewe ni ya mwaka 1934, enzi za Rais Roosevelt. Serikali haikupiga marufuku rashasha, bunduki zilizokatwa mtutu na sailensa. Iliziwekea usajili, na ushuru wa dola 200 kila zinapohama mkono, fedha ambayo kwa thamani ya leo ni zaidi ya dola 4,000. Shabaha ilikuwa kumchosha mnunuzi kabla hajafika dukani. Sailensa yenyewe ilikuwepo tangu zamani. Hiram Percy Maxim alipata hataza yake mwaka 1909, na baba yake ndiye aliyebuni ile bunduki ya Maxim ambayo wakoloni walikuja nayo Afrika. Baba kaleta kelele, mwana kaleta kizibo. Sisi wajukuu wa waliopigwa nayo ndio tunaopanga foleni kukinunua kizibo hicho.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni hili: unalipa kwanza, unasubiri baadaye. Nililipa bei yote ya sailensa, nikalipa ushuru, halafu mali yangu ikafungiwa kwenye sefu ya duka. Marafiki zangu tukaanza kuiita "mahabusu". Duka lile lina uwanja wa shabaha, basi niliruhusiwa kwenda kuipiga palepale wakiwa wananitazama, kisha inarudi rumande mimi narudi nyumbani mikono mitupu. Kutoka nayo mlangoni bila kibali ni kosa la jinai, lako na la duka pia.

Ombi la karatasi lilikuwa hivi: Fomu ya 4 nakala mbili, picha ya ukubwa wa pasipoti, kadi mbili za alama za vidole zilizopakwa wino, na nakala moja kwa sherifu wa kaunti. Zamani sherifu alikuwa anatia saini, na asipotaka umekwama. Tangu Julai 2016 anaarifiwa tu. Mafaili yote ya nchi nzima huishia kwenye kitengo cha ATF, idara ya serikali kuu inayosimamia silaha, kule Martinsburg, West Virginia, na ukaguzi wa historia ya mwombaji unafanywa kupitia FBI. Miaka ile karatasi zilichukua miezi tisa, kumi, hata mwaka, na kila mtu kwenye biashara alikwambia hivyo mapema, kwa hiyo sikushangaa.

Kilichonikera kilitoka dukani. Muuzaji aliandika tarakimu moja tofauti kwenye namba iliyochongwa kwenye sailensa. Fomu ikarudi, ikaandikwa upya, na hesabu ya kusubiri ikaanza sifuri. Pole nilipewa, punguzo sikupewa. Duka silitaji, lakini ushauri wangu ni huu: kabla hujaweka saini, omba uoneshwe kitu chenyewe na usome namba kwa kidole, tarakimu kwa tarakimu, dhidi ya ile ya kwenye fomu. Muuzaji akinuna, mwache anune.

La pili ni majina yetu. Jina langu ni la Kiislamu, lenye wenzangu maelfu duniani, na nilipokuwa nanunua bunduki ya kawaida kompyuta ilikuwa inajibu "subiri" kila mara. Kwa bunduki ya kawaida, siku tatu za kazi zikipita bila jibu, sheria ya serikali kuu inamruhusu muuzaji akukabidhi. Kwa sailensa hakuna mlango huo. Bila kibali mkononi hakuna kukabidhiana, hata upite mwaka. Unaweza kuiandikia FBI wakuwekee faili la hiari na kukupa namba ya utambulisho, UPIN, ili manunuzi ya baadaye usichanganywe na mtu mwingine. Ni bure. Fanyeni mapema, msingoje mkwame.

Sasa sailensa ya pili. Fomu ya 4 ya mtandaoni ilifunguliwa Desemba 2021, na mwanzoni nayo iliburuza miguu kwa miezi mingi. Mwanzoni mwa 2024 utaratibu wa kupitia maombi ulibadilishwa, na watu wakaanza kupata majibu kwa siku. Sikuamini. Duka jipya lilinichukua alama za vidole kwa mashine bila wino, picha nikajipiga kwa simu mbele ya ukuta mweupe, nikathibitisha kwa namba ya siri, nikaondoka. Niliomba kwa jina langu binafsi. Haikumaliza wiki, barua pepe ikaingia na fomu yenye stempu juu yake. Nikarudi dukani, nikajaza Fomu ya 4473 kama kwa bunduki yoyote, nikatoka na mzigo wangu. Nusu nyota niliyokata ni kwa sababu tovuti ilinitoa nje nikiwa katikati ya kujaza.

Tena tangu tarehe 1 Januari 2026 ushuru wa sailensa ni sifuri, kwa sheria iliyosainiwa Julai 2025. Rashasha zimebaki na dola 200 zao. Ushuru umeondoka, lakini usajili, alama za vidole na kungoja vipo palepale, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba siku hizi ni kuchukua na kuondoka.

Kwa wahamiaji wenzangu. Nilipoomba ya kwanza nilikuwa na grini kadi, si raia, na haikuwa kizuizi. Unajaza namba yako ya uhamiaji, basi. Mwenye viza ya masomo au ya kazi, kwa kawaida sheria ya serikali kuu hairuhusu hata kushika bunduki, na milango ya kando ni michache. Usijaribu kwa kusikia habari za kijiweni, zungumza na mwanasheria wa uhamiaji. Fomu inauliza pia kuhusu bangi, na serikali kuu haijali jimbo lako limehalalisha au la. Inauliza kama umewahi kutiwa hatiani kwa kumpiga mwenza. Kudanganya hapo ni jela, na kosa la silaha linaweza kukurudisha kwenu hata ukiwa na grini kadi. Wala usithubutu kuitia sailensa kwenye begi ukienda likizo nyumbani. Kuitoa nchini kunahitaji leseni ya serikali ya Marekani, na ukishuka Dar utakutana na sheria nyingine kabisa.

Swali linalobaki ni kuomba kwa jina binafsi au kwa amana, yaani hati ya kisheria inayowaruhusu watu kadhaa kumiliki mali pamoja. Kwa jina binafsi jibu huja haraka, lakini sailensa ni yako peke yako. Nikisafiri na lori siku kumi, mke wangu hatakiwi kuwa na ufunguo wa sefu ilimo. Kwa amana, mnaweza kuwa wawili au watano, ila kila mmoja anayehusika apeleke picha na alama za vidole, na ombi huenda polepole kidogo. Ya tatu nitaiweka kwenye amana. Mama watoto amekubali, kwa sharti picha apige akiwa ametoka saluni, ingawa nimemwambia Martinsburg hakuna atakayemsifu ushungi.