Kola ya viroboto ya Seresto: nzuri, ila uvalishaji una mambo yake

Watu wengi wanauliza kama hizi kola za viroboto na kupe ni salama maana kuna habari zinazunguka eti zinaua mbwa, basi ngoja niseme ninachojua na nilichoona kwa Popi wangu, mbwa wa kienyeji wa ulinzi, analala nje kwenye majani na mvua zikianza tu kupe kwake ni wa kumwaga.

Nimemvalisha Seresto, ile ya mbwa wa zaidi ya kilo 8. Ina dawa mbili, imidakloprid kwa viroboto na flumethrin kwa kupe, haina harufu, dawa inatoka kidogo kidogo inasambaa na mafuta ya ngozi. Viroboto waliisha haraka sana. Kupe walisumbua kidogo, na hili wauzaji huwa hawakwambii: waliokwisha gandia kabla hujamvalisha wanaweza wasife kwa haraka, inabidi uwang'oe. Nilikaa naye barazani nikatoa wa ndani ya masikio na wa katikati ya vidole, wengine wamevimba kama harage, ila wapya sasa hivi nikiwakuta ni wakavu, ukigusa wanadondoka.

Haya, usalama. Mwaka 2021 vyombo vya habari vya Marekani viliandika kwamba EPA, mamlaka yao ya mazingira, ilikuwa imepokea malalamiko zaidi ya 75,000 kuhusu kola hii tangu 2012, yakiwemo ya vifo karibu 1,700. Ukisoma hapo tu unaivua mbio. Lakini hayo ni malalamiko, mtu anaripoti mbwa wangu kaugua na alikuwa kaivaa, haina maana imethibitika kola ndiyo chanzo, na zimeuzwa mamilioni. 2022 kamati ndogo ya bunge lao ikataka iondolewe sokoni, EPA wakapitia upya na Julai 2023 wakaruhusu iendelee, ila kwa miaka 5 tu, maonyo yaongezwe kwenye boksi, na watengenezaji, Elanco, waangalie namna ya kuboresha ile sehemu inayotakiwa kuachia mbwa akinasa. Kwa hiyo sumu siyo hofu pekee, kuna na kunyongwa, hasa kama mbwa wako ni wa kupenya penya kwenye seng'enge.

Ndo maana nasema angalia unavyomvalisha. Vidole viwili vipite kati ya kola na shingo, mkia wa kola unaobaki ukate, usiuache unaning'inia akautafuna yeye au mwenzake. Mtoto wa mbwa chini ya wiki 7 asivae kabisa. Na watoto wa nyumbani wasiichezee wala kulala wamemkumbatia mbwa aliyeivaa. Kila mara fungua manyoya uangalie ngozi ya chini, ikiwa nyekundu au anajikuna pale pale, vua.

Mimi naogopa zaidi zile za bei chee. Jirani alinunua moja duka fulani la mtaani, pakiti ina picha ya mbwa wa kizungu basi, jina la dawa hamna, asilimia hamna, tarehe ya kuisha hamna, na inanuka mpaka sebuleni. Shingo ya mbwa wake ikanyonyoka manyoya ikatoka vidonda vya majimaji. Kitu hakisemi kina dawa gani hata daktari wa mifugo utampeleka atibu nini sasa? Feki za Seresto nazo zipo, kwa hiyo nunua kwa daktari au agrovet unayoiamini, bei imechangamka kweli lakini inatakiwa ikae mpaka miezi 8. Kama unamuogesha kila wiki au anapenda kuogelea usitegemee huo muda wote, nguvu inapungua mapema.

Wenye paka, msimvalishe paka kola ya mbwa kwa kubana matumizi. Baadhi zina permethrini, dawa ya kuua wadudu, na ini la paka haliwezi kuivunja, anaanza kutetemeka na kudondosha mate na anaweza kufa. Ukiona hivyo, kwa paka au mbwa, vua kola, muoshe kwa sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu, kimbia kwa daktari na pakiti yake mkononi.