Dungeons & Dragons Essentials Kit: linachezeka barazani Unguja, hata bila dadu

Kwa kikundi kinachoanza, sijaona sanduku linalofaa kuliko hili la mwaka 2019. Ndani mna kitabu cha kanuni cha kurasa 64, kitabu cha safari, yaani hadithi ya kuchezwa, cha kurasa 64 vilevile, karatasi 6 tupu za wahusika, dadu 11, kadi 81, ramani kubwa ya pande mbili, na kiambaza cha karatasi ngumu cha kumfichia mwendeshaji siri zake. Mchezo wenyewe ulitoka Marekani mwaka 1974. Kwa asiyeujua: mtu mmoja, ndiye mwendeshaji, anasimulia, wengine kila mmoja ana mhusika wake na anasema anafanya nini. Panapokuwa na shaka kama atafanikiwa, hutupwa dadu ya pande 20, ikaongezwa alama ya mhusika, ikalinganishwa na namba inayotakiwa. Ni hadithi ya kupokezana yenye hesabu ndani yake, na mtu aliyekulia kwenye "paukwa, pakawa" haimchukui robo saa kuielewa.

Suala la kwanza hapa kwetu ni hizo dadu. Nyumba nyingi hazitaki kuziona, na si kwa ushamba: zipo hadithi za Mtume (S.A.W.) zinazokataza nardi, mchezo wa dadu wa zamani, na wanavyuoni wengi wanaikataza dadu hata pasipo na pesa. Hilo si la kubishania kwenye baraza ya mtu. Muulize mwenye nyumba kabla hujafungua sanduku. Wapo pia watakaokwambia kutoa namba kwa bahati ni yale yale. Basi hapo tafuteni baraza nyengine.

Pale panaporuhusiwa kutoa namba, vizibo vya soda vinafanya kazi yote. Tafuta 20 vya aina moja, visivyopinda. Usiandike moja kwa moja ndani ya kizibo, maana mna utando wa plastiki na wino hausimami. Usiku wa pili tu 13 na 18 hazijulikani. Kata viduara vya karatasi, andika 1 mpaka 20 kwa wino mzito, bandika kwa gundi, acha vikauke mpaka kesho yake. 6 na 9 zipigie mstari chini. Mfuko uwe wa kitambaa kizito na mdomo mpana, mkono uingie wote. Kete za bao nimezijaribu na kwa kazi hii sizipendekezi: komwe hazilingani ukubwa, na vidole vinajua upesi ipi ni 20.

Kosa linaloharibu mchezo ni kutorudisha kizibo. Nafasi ya kupata 20 ni 1 kati ya 20 pale tu vyote vimo mfukoni. Kizibo cha 1 kikibaki chini ya mkeka, hakuna tena wa kukosea vibaya. Kikipotea cha 20, hakuna wa kupiga pigo la maradufu, na hakuna atakayegundua mpaka vita viishe. Toa, soma kwa sauti, rudisha, tikisa. Kabla ya kila pambano mtu mmoja avihesabu.

Kanuni ikikupa nafuu, yaani namba mbili kisha ushike kubwa, utatamani kutoa vizibo viwili kwa mpigo. Ukitoa kimoja ukarudisha ukatoa tena, wastani wa ile kubwa ni 13.8, ukitoa viwili pamoja ni 14. Tofauti hiyo haimuonei mtu, kwa hiyo naruhusu viwili pamoja ili zamu zisizorote.

Dadu nyengine zote zinapatikana kwenye mfuko huo huo. Ya pande 10: ikizidi 10, ondoa 10. Ya pande 4: 1 mpaka 5 ni moja, 6 mpaka 10 ni mbili, na kuendelea hivyo. Ya pande 12: ikizidi 12, rudisha utoe tena. Ya pande 8: 17 na kwenda juu rudisha, 9 mpaka 16 ondoa 8. Ya pande 6 ndiyo inayosumbua. 19 na 20 rudisha, zilizobaki ondoa sita sita mpaka ibaki 1 hadi 6. Kwa maadui mwendeshaji asitoe kabisa namba za dhara, yaani uhai anaopunguziwa aliyepigwa, kwa sababu kila adui ameshaandikiwa wastani. Goblin, yule zimwi mdogo, upanga wake ni 5, na dadu imewekwa kwenye mabano tu. Soma 5, endelea.

Zamu za vita nazipanga kwa kadi zilizomo sandukuni, zenye namba 1 mpaka 9: zinachanganywa na kugawiwa, aliyepata 1 anaanza. Hapo mwenye Wepesi mkubwa anapoteza faida yake ya kuwahi. Dawa yake: mwenye alama ya Wepesi ya +3 na zaidi achukue kadi mbili, abaki na ndogo.

Kilichonifanya nilipende sanduku hili kuliko mengine ni kanuni ya wasaidizi. Huku kwetu leo mko watano, kesho wawili wako zamu hotelini na mmoja kaitwa shughulini. Msaidizi ni mhusika mwepesi wa aina tatu, mpiganaji, mjuzi au mwenye mazingaombwe, na anapanda daraja pamoja na wenzake. Mchezaji mmoja anaweza kumuendesha sambamba na mhusika wake mwenyewe. Safari inachezeka hata kwa mwendeshaji na mchezaji mmoja tu, na katika usiku wa Ramadhani baada ya tarawehe, watu wanapoingia na kutoka, hilo ndilo linaloiokoa hadithi.

Sasa tahadhari kwa mwendeshaji mpya. Kijijini Phandalin, hadithi inapoanzia, kuna ubao wa kazi, na kazi za mwanzo ni tatu, kila moja na mahali pake. Usiwapeleke wa daraja la 1 Umbrage Hill. Kule kuna manticore, zimwi lenye mbawa na mkia wa miiba, mwenye uhai 68, anaruka, na anarusha miiba mitatu kwa zamu moja, kila mmoja wastani wa dhara 7. Mwana mazingaombwe wa daraja la 1 ana uhai 6 ukijumlisha na alama yake ya Ustahimilivu. Mwiba mmoja unatosha kumlaza. Anzeni na Gnomengarde, mpande daraja la 2 kwanza. Wakikushikilia kwenda, basi manticore azungumze kabla hajarusha chochote. Lugha ya watu anaijua na njaa ndiyo inayomtuma, kwa hiyo wachezaji wajue kuwa wanaweza kumpa nyama na kupatana naye. Akikaa kimya, watadhani ni mnyama wa kupigwa, na hadithi itaishia hapo.

Kitabu ni cha Kiingereza, lakini kwenye baraza pasemwe Kiswahili. Chora upya karatasi ya mhusika, ukatoe kopi: Nguvu, Wepesi, Ustahimilivu, Akili, Hekima, Haiba, Uhai, Kinga. Neno uchawi liepuke, huku ni zito na si la mzaha, mazingaombwe linatosha. Mhusika anayepata nguvu zake kwa miungu (cleric) mfanye tabibu, kanuni zake hazibadiliki hata moja. Vile vifungu vya kuwasomea wachezaji usivitafsiri sentensi kwa sentensi. Visome peke yako mchana, usiku usimulie kwa maneno yako. Joka la safari hii ni jeupe, pumzi yake ni baridi, na theluji haina wa kuikumbuka hapa. Sema mlango wa friza la samaki umefunguliwa usoni mwako, ule ukungu, vidole vimekufa ganzi, na kila mtu atavuta shuka.

Ramani ni ya nchi na kijiji, haina miraba ya vita. Chora yako kwenye karatasi ya manila, mraba wa sentimita 2.5, kila mraba ni futi 5. Anayekwenda futi 30 anavuka sita. Hapa komwe zinapata kazi: ndizo maadui. Wachezaji wawe vifungo vya shati vya rangi tofauti. Dadu zikitumika, ujue ni nyekundu zinazopenyeza mwanga, na umeme ukikatika namba zake hazisomeki kwa tochi ya simu ikimulika kutoka juu. Weka tochi ubavuni.

Upepo wa kusi unainua kila karatasi barazani, kwa hiyo mawe manne kwenye pembe za ramani. Masika ndiyo adui wa kadi. Zinajikunja kama majani makavu, na zikishajikunja zile za zamu zinatambulika kwa mgongo, mtu akachagua. Zifungwe kwa mpira, zilale chini ya kitabu, na ndani ya sanduku tia vile vifuko vidogo vinavyokuja na viatu vipya. Mchele usitie: vumbi lake linakaribisha wadudu, na gundi ya vitabu ndiyo wanayoanza nayo.