Chokoleti ya moto Arusha: kabla ya kuagiza, uliza unga unakorogwaje

Baridi ya Juni na Julai ikishaingia, wasomaji wa Sakina na Njiro huniletea lalamiko lile lile: nimelipa elfu nane, mafunda ya kwanza ni maji matamu ya kahawia, na chini ya kikombe limebaki tope. Wana haki kabisa. Habari za povu, mapambo na viti vizuri naziacha, maana tope ndilo linaloharibu kinywaji hiki na karibu hakuna anayelisema.

Kokoa haiyeyuki kama sukari. Ni punje zilizosagwa, zina mafuta yake, na kwenye maziwa zinaelea tu. Ukiumwaga unga moja kwa moja kwenye maziwa ya moto, unashikana madonge: nje umelowa, ndani mkavu. Baadaye yote yanatua kitakoni. Inavyotakiwa, unga utangulie kikombeni, utiwe maziwa ya moto kijiko kimoja au viwili, ukorogwe mpaka uwe rojo zito linalong'aa, ndipo maziwa mengine yafuate kidogo kidogo. Ni kazi ya dakika moja. Kwa hiyo uliza mapema: "Samahani dada, unga mnaukoroga kwanza pembeni?" Akikushangaa, agiza chai ya tangawizi.

Nafasi ya kwanza naipa migahawa inayoyeyusha chokoleti yenyewe kwenye maziwa, na hapa upendeleo wangu uko wazi: nataka iwe chokoleti nyeusi ya Chocolate Mamas, inayotengenezwa Dar es Salaam kwa kokoa ya Tanzania. Chokoleti ya kipande imeshasagwa laini mno pamoja na siagi ya kokoa, kwa hiyo inachanganyika vizuri na haikimbilii chini. Uchungu wake unabaki ulimini hata baada ya kumeza. Mgahawa wako ukiwa hauna, nunua kipande ukayeyushe nyumbani kwa moto mdogo, bila kuacha kukoroga.

Ya pili ni kokoa tupu isiyo na sukari, mfano Hershey's, kwenye maziwa fresh. Wakikuambia wanatumia maji, ondoka. Sukari utie mwenyewe.

Ya tatu ni unga wa kopo wa Cadbury wa kunywa. Unakorogeka kirahisi, ila soma kopo: viungo hupangwa kwa uzito, na sukari ndiyo imetangulia. Milo ni kinywaji cha kimea, hapa haihusiki.

Sasa bei. Desemba 2024 kokoa ilipita dola 12,000 kwa tani katika soko la New York, baada ya mavuno mabaya Ghana na Côte d'Ivoire. Migahawa ikapandisha. Mwaka 2025 bei ya dunia ikashuka sana, menyu zikabaki pale pale. Na hata kwa bei ile ya kileleni, gramu 15 za kokoa ghafi, zinazotosha kikombe kizima, hazifiki shilingi 500. Mkulima wa Kyela anapeleka kokoa yake ghalani, inauzwa mnadani kwa stakabadhi, nyingi inasafirishwa nje ikiwa ghafi, kisha sisi tunauziwa kopo lililotoka ng'ambo kana kwamba zao hili halioti kwetu. Wenye migahawa, jumlisheni hapo gharama ya maziwa, gesi na mshahara wa mhudumu. Hela nyingine tunazolipa ni za nini?