Seva ya mafaili nyumbani Tanga: Synology DS223j au CPU ya mtumba?

Mwenye bajeti ndogo akiuliza seva ya kununua, yaani mashine ya kutunzia mafaili ya nyumba nzima, jina analotajiwa mapema ni Synology DS223j: kasha dogo jeupe lenye nafasi mbili za diski za hadi inchi 3.5, RAM giga 1 isiyoongezeka na tundu moja la mtandao la gigabiti. Ilipotoka mwaka 2023 iliuzwa Marekani kama dola 190, na hapo ni kasha tupu, diski juu yako. Hadi ifike Tanga, ongeza usafiri na faida ya kila aliyeishika njiani.

Mpinzani wake ni CPU ya ofisini ya mtumba, yaani kasha zima la kompyuta ya mezani, mfano Dell OptiPlex 7050 yenye Core i5 na RAM giga 8, ukaipakia OpenMediaVault, mfumo wa bure wa kuigeuza kompyuta kuwa seva ya mafaili, uliojengwa juu ya Debian, aina ya Linux. Kwa mfuko mwembamba tunashauri hii. Feni, RAM au waya vikifa, fundi wa Ngamiani anavibadilisha siku hiyohiyo, na pesa inayobaki inaenda kwenye diski na UPS (kasha la betri linaloshikilia umeme ukikatika), vitu ambavyo ndivyo vinavyolinda picha za familia.

Umeme tuuhesabu kwa haki. DS223j yenye diski mbili hula kama wati 16 ikiwa kazini. CPU yenye diski mbili, isipobebeshwa kazi nzito, hula kama 30. Tofauti hiyo ni takribani uniti 10 kwa mwezi, na kwa Luku ya shilingi 356 kwa uniti ni kama 3,600. Kasha la Synology likizidi CPU kwa laki mbili, itachukua karibu miaka mitano kuifidia kwa umeme. Lakini ukiwa kwenye tarifu ya matumizi madogo ya uniti 75 kwa mwezi, angalia sana: wati 30 usiku na mchana ni uniti 21 na nusu. Kwa nyumba iliyo karibu na kikomo, Synology ina hoja ya kweli.

CPU ifunguliwe kabla hujalipa. Ile nyembamba, SFF, ina nafasi ya diski moja tu ya inchi 3.5, kwa hiyo tafuta tower, ile kubwa ya kusimama. Diski za OptiPlex hii hupata umeme kutoka kwenye ubao mama kupitia waya wake maalumu, na wauzaji wakichomoa diski waya nao hupotea. Usipouona ndani, udai. Pawasaplai pia ni ya Dell wenyewe, ile ya kawaida ya dukani haiingii. OpenMediaVault yenyewe iwekee SSD ndogo ya giga 120, usiichanganye na diski za data.

Kisha kuna umeme kukatika. Washa CPU, bonyeza F2 papo hapo ili kufungua mipangilio yake, ingia Power Management, halafu AC Recovery, chagua Power On. Chomoa waya ukutani, subiri dakika moja, rudisha: inatakiwa iwake bila kuguswa. Rudia jaribio baada ya kuiacha bila umeme usiku kucha. Saa ikirudi nyuma na mpangilio ukafutika, betri ndogo ya CR2032 imekufa. Ni kitu cha bei ndogo sana, lakini ikiachwa seva itabaki imezima huku nawe ukiamini nakala zinaendelea.

UPS nunua yenye tundu la USB la data. Isiyo nalo inampa seva dakika chache tu, haiwezi kumwambia ajizime, na betri ikiisha diski zinakatwa katikati ya kuandika. Yenye USB inasomwa na OpenMediaVault kupitia programu-jalizi ya NUT, na Synology nayo inaisoma.

Diski ndiyo pa kutumia pesa bila kusitasita. Epuka za SMR, ambazo mistari ya data imepandana kama makuti ya paa: kubadilisha kuti la chini lazima uinue ya juu yake, ndiyo maana zikiandikwa kwa wingi zinazama kwenye mwendo wa konokono. WD Red ya kawaida ya tera 2 hadi 6 ni SMR, WD Red Plus siyo. BarraCuda ya tera 4 ni SMR, IronWolf siyo. Ukilazimika kuchukua ya mtumba, endesha smartctl -a, amri ya kusoma afya ya diski: mistari ya 5, 197 na 198, inayohesabu sehemu mbovu, isomeke sifuri kwenye safu ya RAW_VALUE, vinginevyo mrudishie mwenyewe. Wa 199, unaohesabu makosa ya njiani, ukipanda, shuku waya kwanza.

Diski mbili usiziunganishe kuwa kioo (RAID 1), ambapo kila badiliko la moja linafanyika palepale kwenye nyingine. Ukifuta picha kwa bahati mbaya, kioo kinaifuta pande zote papo hapo. Acha rsync, programu ya kunakili mafaili, inakili diski ya kwanza kwenda ya pili kila usiku, bila kuiamuru ifute, na diski ya tatu, eksteno ya kuchomeka kwa USB, ikae nyumba nyingine kabisa, Muheza kwa ndugu ni pazuri.

Kabla ya kulaumu seva kwa mwendo wa polepole, tazama rauta. Tundu la megabiti 100 linapitisha kama megabaiti 11 kwa sekunde, tera moja ni zaidi ya saa 25. Gigabiti inamaliza kwa saa mbili na nusu hivi, lakini inadai jozi zote nne za waya wa Cat5e ziwe nzima. Moja ikikatika inaweza kushuka kimyakimya hadi 100.

Kwa wa Raskazone na kote upepo wa bahari unakoingia ndani: usiiweke dirishani wala sakafuni. Chumvi hushika pini za RAM na tundu za waya, nazo huanza kwa kukatakata kabla ya kufa. Kila miezi mitatu zima, chomoa, puliza vumbi, futa pini za RAM kwa spiriti, acha zikauke kabisa ndipo urudishe.